Nimeoshwa mapafu yote mawili: uzoefu wangu

Kwa miezi 11 nilitibiwa magonjwa nisiyokuwa nayo. Kwanza nimonia, nikapewa antibayotiki. Kikohozi kilipogoma, nikaongezwa nyingine kali zaidi. Ikaja pumu, nikapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ikaja kifua kikuu, ingawa makohozi yangu yalipimwa mara tatu bila kuonekana kimelea. Mwisho nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Uso ukavimba, pumzi ikabaki vilevile. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliye kwenye mzunguko huohuo sasa hivi, na kwa yule aliyekwisha kupangiwa kuoshwa mapafu na hana wa kumwuliza.

Ugonjwa wangu unaitwa proteinosi ya vifuko vya hewa, madaktari huuita PAP kwa kifupi. Inakadiriwa kwamba wanaouugua ni watu wapatao 7 katika kila milioni moja, kwa hiyo siwalaumu walioukosa mara ya kwanza. Ninaowalaumu ni wale wa mara ya tatu. Eksirei yangu ilitisha, wingu jeupe limetanda pande zote mbili, ilhali mimi mwenyewe sikuwa na homa, sikukohoa damu, na nilikuwa nimeingia kwa miguu yangu. Kila aliyeiona alishtuka akaandika dawa. Hakuna aliyetulia akajiuliza mbona picha na mgonjwa haviendani. Baadaye nilielezwa kwamba kutoendana huko ni mojawapo ya mambo yanayomfanya daktari aufikirie ugonjwa huu.

Kliniki ya magonjwa adimu ya mapafu niliyopewa rufaa kwenda ilianza na maswali, karibu nusu saa nzima. Nimewahi kufanya kazi gani? Nimevuta vumbi la mawe, la nafaka, la mbao? Nyumbani nafuga ndege? Ukuta una ukungu? Navuta sigara? Kuna ndugu aliyefariki kwa mapafu? Nilikuwa nimechoka, nikaona muda unapotea, mpaka daktari aliponieleza sababu ya kila swali: mavi na manyoya ya ndege huweza kuyachokoza mapafu ya mtu hadi yakajaa makovu, na vumbi la mawe likivutwa kwa wingi huweza kuleta hata aina fulani ya PAP. Akazitazama kucha zangu kama zimetuna. Akanisikiliza mgongoni, chini kabisa, akitafuta mlio kama wa velkro inayobanduliwa, ambao husikika kwa wenye makovu ya mapafu. Kwangu hakuusikia.

Kwenye siti skani wingu lile lilionekana kama sakafu ya mawe yaliyopangwa ovyo. Sura hiyo peke yake haitoshi, maana magonjwa mengine nayo huwa nayo, hivyo nikafanyiwa bronkoskopi. Koo linapuliziwa ganzi, unapewa dawa ya kukutuliza, halafu mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa hadi ndani ya pafu. Haiumi, ila unakohoa na unahisi kama unapaliwa. Maji waliyoyaingiza na kuyavuta tena yalirudi meupe kama maziwa. Damu ikapimwa kingamwili dhidi ya GM-CSF, protini ya mwili inayoziamuru seli za usafi za mapafu zifanye kazi, zikakutwa nyingi. Kisha bingwa wa mapafu, mtaalamu wa picha na mpatholojia wakakaa pamoja juu ya faili langu, na siku hiyohiyo nikapigiwa simu.

Nilivyoelezwa mimi ni hivi. Ndani ya vifuko vya hewa kuna utando wa mafuta na protini unaovizuia visisinyae tunapotoa pumzi. Utando huo hutengenezwa upya kila wakati, na ule wa zamani huliwa na seli za usafi. Seli hizo zinahitaji amri ya GM-CSF ili zifanye kazi. Kwa watu wazima wengi wenye PAP, takribani 9 katika 10, mwili wenyewe hutengeneza kingamwili zinazoizuia amri hiyo. Taka hailiwi, inajaa, hewa inakosa pa kupita. Ndiyo maana prednisoloni haikunisaidia kitu. Kwa aina hii ya PAP haitibu, na inaweza kumwacha mgonjwa wazi kwa maambukizi.

Kwenye benchi la kusubiri nilizoeana na mzee mmoja mwenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo. Pumzi yake na yangu zilikata vilevile, lakini yeye alikuwa akitumia nintedanibu. Dawa hiyo na nyingine iitwayo pirfenidoni ziliidhinishwa Marekani siku moja, Oktoba 2014. Zinapunguza kasi ya makovu, haziyafuti. “Mwanangu,” aliniambia, “wewe chako kinaoshwa.” Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo langu kwa upande huo.

Sasa kuoshwa kwenyewe. Wanaanza na pafu lililo baya zaidi. Nilipigwa nusu kaputi, nikawekewa mrija wenye njia mbili kooni: njia moja inapeleka oksijeni kwenye pafu linalobaki kazini, nyingine inapeleka maji ya chumvi yenye joto la mwili kwenye pafu linaloshughulikiwa. Wanajaza, wanatikisa na kugonga kifua ili uchafu uachie, wanayaacha maji yatoke, wanajaza tena. Kwangu ilichukua saa nne na lita 17. Muuguzi alinionyesha chupa zilizopangwa kwa zamu: ya kwanza nyeupe nzito, na baada ya kutulia tope lilikuwa limekaa chini kwa unene wa vidole viwili. Ya mwisho ungeweza kuona mkono wako ng'ambo ya pili. Nililia, na sioni aibu kulisema. Miezi 11 ya kuambiwa labda ni wasiwasi tu, na kumbe hicho ndicho kilichokuwa kifuani mwangu.

Niliamkia chumba cha wagonjwa mahututi. Koo liliwaka, nikawa na homa ndogo usiku ule, na mbavu ziliuma kwa siku tano kama mtu aliyepigwa. Hilo la mbavu sikuambiwa kabla, na lilinitisha bure; nilidhani kuna kilichovunjika. Sikuambiwa pia, mpaka niko wodini, kwamba pafu la pili lingesubiri wiki tatu. Hayo ni mambo mawili ambayo ningependa kliniki iyaseme siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, mbele ya mtu wa nyumbani kwako. Kwa mengine yote nawashukuru bila kusita.

Matokeo: kabla ya kuoshwa, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 85 nikiwa nimekaa. Baada ya pafu la pili kilisoma asilimia 95. Katika kipimo cha kutembea dakika sita nilitoka mita 290 hadi 470. Kikohozi kilipungua sana, ila hakikuisha mara moja.

Kuosha hakuondoi kingamwili, na hili lielewe mapema usije ukavunjika moyo. Miezi 14 baadaye wingu lilianza kurudi. Wapo wanaooshwa mara moja wakatulia kwa miaka, wapo wanaorudia kila mara. Mimi nilirudia mara moja, kisha nikaanzishiwa GM-CSF ya kuvuta kwa mashine ya mvuke, wiki moja natumia na inayofuata napumzika. Jaribio lililochapishwa 2019 kutoka Japani liliifuata ratiba hiyohiyo, na oksijeni ya damu ya waliovuta dawa ilipanda kuliko ya waliovuta dawa bandia. Haifanyi kazi haraka kama maji. Wiki nyingi zilipita kabla sijahisi tofauti. Ila nalala nyumbani kwangu, bila mrija kooni. Sigara niliiacha siku ile ya bronkoskopi, na homa yoyote naenda nayo hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa PAP humfanya mtu apatwe kwa urahisi na vimelea kama nokadia na fangasi.

Ombi langu kwako uliye kwenye duru ya tatu ya antibayotiki: uliza kama umefikia wakati wa siti skani na bronkoskopi, na uliza kama kuna mahali pa kupelekwa ambapo mabingwa hukaa pamoja juu ya picha moja. Na usitupe picha zako za zamani. Mke wangu alikuwa ameziweka zote kwenye bahasha moja, na mtaalamu wa picha alipoipandisha ile ya kwanza kabisa kwenye taa, kando ya ile ya mwisho, wingu lilikuwa lilelile.