Kisu cha mfukoni: kwa nini nimebaki na makali yaliyonyooka

Kama kazi yako kubwa ni kufungua mizigo, nunua kisu kidogo cha kukunja chenye makali yaliyonyooka na ncha butu. Nimeshatumia maumbo matatu ya bapa dukani kwetu Kariakoo, na hili ndilo ninalotembea nalo kila siku. Wanunuzi wengi huanza kukagua mpini na rangi yake, bapa wanalitupia jicho mwishoni, wakati ndilo litakalofanya kazi yote.

Sisi tunauza vitenge na khanga. Marobota yanakuja yameshonewa sandarusi na kukazwa kwa mikanda ya plastiki, na chini ya sandarusi hiyo, bila hata nafasi ya kupitisha kidole, imelala doti ya kwanza. Hapo kisu chenye ncha kali ni hatari kwa mali. Mkono ukiteleza kidogo, ncha inazama na kitambaa kimechanika, na doti iliyochanika hakuna mteja atakayeitaka kwa bei yake. Bapa la kisu changu mgongo wake unakwenda sambamba na makali, halafu mbele unajipinda kushuka hadi unakutana nayo. Umbo hili Waingereza huliita mguu wa kondoo, na mabaharia walilipenda kwa sababu chombo kikiyumba halitoboi tanga wala mwenzako. Mimi napitisha ile ncha butu chini ya uzi wa mshono, nageuza makali juu, navuta. Ndani hakuguswi kitu.

Mikanda nayo ina siri yake. Makali yakiwa yamebinuka, ukivuta, mkanda unateleza kuelekea nchani na mara nyingi unachomoka kabla haujakatika. Yaliyonyooka yanaushika mpaka mwisho. Nguvu inayotumika ni ndogo, na kisu kisicholazimishwa hakikurukii mkononi.

Kabla ya hapo nilikuwa na chenye ncha iliyo usawa wa katikati ya bapa, na kabla yake kingine chenye ncha iliyoinuka kidogo kwa juu, umbo ambalo wengi wanalijua kutokana na visu vya Opinel, vinavyotengenezwa Savoie, Ufaransa, tangu 1890. Hilo la pili ni zuri sana jikoni. Kupasua tumbo la samaki, kupaka siagi kwenye mkate, kukatakata nyama juu ya ubao, kote huko makali yaliyobinuka yananishinda mimi na changu kilichonyooka. Anayeshinda na samaki kule Feri nisingemshauri anifuate. Ila chungwa ninalimenya vizuri kabisa, na embe dodo halinisumbui.

Kwenye kunoa ndiko nilikokipenda zaidi. Unalaza bapa kwenye kinoo kwa pembe moja na kulisukuma, basi. Kilichobinuka kinakudai uinue mpini taratibu kadiri unavyokaribia ncha, na asiye na mkono uliozoea anaacha sehemu ya mbele butu. Sharti ni moja tu: kinoo kiwe tambarare kweli. Kile kilicholika katikati kitakuharibia unyoofu wote.

Msidanganyike na umbo peke yake, maana unene ni jambo zito zaidi. Bapa nene nyuma ya makali linapasua boksi badala ya kulikata, hata likiwa na umbo gani. Na kwa jasho na hewa ya chumvi ya Dar, mtu asiyependa kupangusa kisu kila mara achukue chuma cha pua, kile kisichoshika kutu kirahisi. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa raha, lakini maji ya limau na embe yanakibadilisha rangi upesi, na kutu hufuata.

Bapa la sentimita 6 au 7 linatosha kwa kazi hizi, na linakaa mfukoni bila kukuchoma ukikaa kwenye daladala. Ukiwa dukani, likunjue, lishike na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, rudisha. Kisha simamisha makali taratibu juu ya kioo cha meza ya muuzaji na uchungulie kutoka upande wa pili: mwanga ukipenya katikati, hayajanyooka.