Noah ya kukodi, Moshi hadi Dar, kwa anayetumia kiti mwendo

Safari ya Moshi hadi Dar ni takriban kilomita 560. Anayetumia kiti mwendo na asiye na gari lake, kwa barabara atachagua basi kubwa au Noah ya kukodi pamoja na dereva. Noah tunaipa nyota nne kati ya tano. Basi tunalipatia nyota mbili, na hizo ni kwa sababu nauli yake inalipika.

Shida ya basi haiko barabarani, iko mlangoni. Ngazi ni nyembamba, na njia ya katikati ya siti haipitishi kiti mwendo, kwa hiyo abiria anabebwa. Makonda wengi wana moyo wa kusaidia, ila hukimbilia kumnyanyua mtu kwa kumvuta mikono, na hapo ndipo bega linapoumia. Waelekeze kabla hawajakugusa. Kunja mikono yako kifuani. Wa kwanza asimame nyuma, apitishe mikono yake chini ya makwapa yako na kushika mikono uliyoikunja. Wa pili ashike chini ya mapaja, karibu na magoti. Wanyanyue kwa hesabu moja.

Halafu kuna buti. Kiti kikilaliwa na magunia, vikanyagio huvunjika na rimu hupinda. Vua mto, vikanyagio na viegemeo vya mikono, panda navyo. Fremu ipakiwe mwisho, juu ya mizigo mingine. Ukidaiwa hela ya mzigo kwa ajili ya kiti, kataa.

Linalotuuma zaidi ni pale basi linaposimama abiria wakachimbe dawa. Wote wanashuka, wewe unabaki. Matokeo yake watu hawanywi maji tangu asubuhi, kisha wanapita kwenye joto la Same, Mombo na Korogwe wakiwa wakavu. Kwa anayetumia katheta (mpira wa kutolea mkojo) huko ni kujitafutia maambukizi ya njia ya mkojo.

Noah inaondoa karibu yote hayo, kwa sharti kwamba dereva anajua kuegesha. Ukikaa siti ya katikati, mlango wa kusukuma haukuzuii kusogeza kiti, lakini kati ya kiti chako na siti kuna shimo la kidato, na siti yenyewe iko juu zaidi. Ubao wa kuhamia, unaolazwa kati ya kiti na siti ili utelezee juu yake, unatakiwa uwe na urefu wa sentimita 75 au zaidi. Plaiwudi ya milimita 18 iliyopigwa msasa na vanishi inatosha, seremala yeyote anaweza kuikata. Sasa egesho: dereva akisimama ukingoni mwa lami, ardhi ya kushoto inashuka, na siti inazidi kuwa juu. Mwambie atafute mahali ambapo upande wa kushoto ardhi imeinuka, hata kwa kimo cha tofali. Ubao ukikaribia kulala sawa, wewe unateleza mwenyewe kwa msaada mdogo. Ubao ukiinuka sana upande wa siti, ni lazima wewe ubebwe. Funga breki zote mbili, na dereva akishikilie kiti kwa nyuma, maana breki peke yake hazizuii kiti kuserereka kwenye changarawe.

Siti ya mbele inalala vizuri zaidi kwa safari ndefu. Kaa juu ya mto wako wa kiti mwendo kama kichwa hakigusi paa, inama mbele au egemea upande kila baada ya nusu saa, na simameni kila saa mbili. Same, Korogwe na Chalinze zinaigawa safari vizuri. Kabla ya kuondoka pima upana wa kiti chako kutoka ringi ya kusukumia hadi nyingine, kisha mpe dereva kamba iliyokatwa kwa kipimo hicho. Ashuke kwanza apime mlango wa choo, ndipo na wewe uhangaike kushuka. Vyoo vingi vya njiani ni vya kuchuchumaa, kwa hiyo chupa ya mkojo, maji na pazia la dirishani visikosekane.

Tairi ndizo huwasumbua wengi. Kiti cha kawaida cha hospitali hutumia tairi ya inchi 24 kwa 1 3/8, na ubavuni imeandikwa 540, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi ya baiskeli ya mtoto nayo huitwa 24, lakini ni 507 na haiingii. Maduka ya njiani yamejaa 26 na 28, kwa hiyo beba tyubu mbili za kwako. Zenye valvu ya gari zinajazwa kituo chochote cha mafuta, ila upepo uingie kidogo kidogo na usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Mafundi wa viti mwendo wanafundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa hiyo beringi na spoku zikaguliwe ungali Moshi.

Nyota moja Noah imeikosa kwa bei. Dereva anahesabu kurudi mtupu, na wewe ndiye unayelipa. Muulize mapema kama ana abiria wa kurudi naye, maana hapo ndipo bei inaposhuka, kisha mkubaliane kwa maandishi kuhusu mafuta, posho na mahali pa kulala. Ukisikia kuna gari la Toyota Welcab lenye siti inayozunguka na kushuka nje ya mlango, lishike hata kama ni ghali kidogo. Ubao utabaki nyumbani.