Uzoefu wangu: chumba cha wagonjwa wanaochungwa kwa karibu, Lubumbashi

Kwa mwenye mzazi mzee anayechanganyikiwa akilazwa, huduma hii naipendekeza, ila mchana zaidi kuliko usiku. Ni hospitali moja ya hapa kwetu Lubumbashi. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko pia, na wauguzi wake nawaheshimu.

Baba ni mstaafu wa reli. Aliingia na homa pamoja na shida ya mkojo, na nyumbani akili zake zilikuwa timamu kabisa. Jioni akaanza kung'oa serumu (dripu) mkononi, anataka kwenda kazini. Katika wodi ya kawaida, usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa vyumba vyote, kwa hiyo walinzi tulikuwa sisi ndugu, kama ilivyo desturi: gadi-maladi analala kwenye mkeka, analeta bukari (ugali), anafua, anakimbilia famasi. Mdogo wangu alipotumwa dawa, baba akashuka kitandani, akaanguka. Watu wakashauri afungwe mikono. Daktari wa zamu alikataa, na namshukuru mpaka leo, maana mzee wa hali hiyo akifungwa huzidi kupambana na anaweza kuumia vibaya.

Asubuhi wakamhamishia chumba kinachotazamana na meza ya wauguzi. Humo wanawekwa pamoja wagonjwa wachache walio hatarini kuanguka au kuchanganyikiwa, na kwa utaratibu wao muuguzi mmoja hatoki mpaka mwenzake aingie. Mama muuguzi aliyempokea alimwambia: "Papa, nitajie miezi, anzia Desemba urudi nyuma." Baba akasema Desemba, Novemba, Oktoba, halafu akaendelea na vituo vya reli: Likasi, Tenke, Kamina. Mama yule hakucheka. Aliandika, akampapasa chini ya kitovu, akaniuliza amekojoa lini, choo kapata lini, maji anakunywa, miwani yake iko wapi. Kumbe kibofu kilikuwa kimejaa. Wakamtia sonda (mrija wa kutoa mkojo), dawa ya maambukizi ikaendelea, tukaleta miwani, na zile purukushani zikaanza kupungua. Mzee kuchanganyikiwa ghafla si uzee tu. Kuna sababu yake: maambukizi, kukosa maji, maumivu, choo kuziba, hata baadhi ya dawa. Anayemchunga bila kuitafuta anazuia kuanguka tu, ugonjwa anauacha palepale.

Sisi ndugu nasi walitufundisha cha kuangalia. Mzee akinyamaza ghafla, akasinzia mchana kutwa, akakataa chakula, hiyo nayo ni dalili, tena ndiyo inayopita bila kuonekana kwa sababu hasumbui mtu.

Binamu yangu ni muuguzi Uingereza. Kwao uangalizi huu una ngazi: kuna wa kutazamwa kila dakika 15, kuna wa kutoondolewa machoni, na kuna ambaye muuguzi hukaa karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Ajabu ni kwamba huko, mwaka 2014, ilibidi ianzishwe kampeni, John's Campaign, ili ndugu waruhusiwe kukaa na wagonjwa wao wenye ugonjwa wa kusahau. Hapa kwetu ndugu yuko pale usiku na mchana. Anachokosa ni muuguzi wa kumwelekeza.

Sasa malalamiko. Usiku muuguzi wa chumba kile huitwa kusaidia wodi nyingine, na wagonjwa wanabaki na sisi. Umeme ukikatika, kila mtu anapapasa na tochi ya simu. Asubuhi zamu zinapobadilishana, wote wanaingia ofisini, saa ileile ambayo wazee wanataka kushuka kwenda chooni. Nimeuandikia uongozi barua: waongeze mtu mmoja wa usiku asiyeitwa kwingine, na makabidhiano yafanyike chumbani mbele ya mgonjwa. La pili halihitaji hata faranga moja. Jibu bado.

Ukimpeleka mzee wako, uliza kabla ya kulipa: usiku nani yumo chumbani, na akiitwa, nani anashika nafasi yake? Beba miwani yake na orodha ya dawa anazotumia. Na mweleze muuguzi mzee wako yukoje siku zote, anaongeaje, analala saa ngapi, kwa sababu wao wanampokea akiwa ameshabadilika.