MV Kalangala, Nakiwogo hadi Lutoboka: laleni usiku mbili au msiende

Kundi la marafiki likitaka kuonja Ziwa Viktoria vizuri upande wa Uganda, fukwe za Entebbe na Ggaba zinatosha kwa mchana mmoja tu. Mchanga mweupe wenye msitu nyuma yake uko Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya funguvisiwa la Ssese, na njia tunayoipendekeza ya kufika huko ni meli ya MV Kalangala.

Ratiba yake iliyozoeleka ni hii: inang'oa nanga Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na baada ya saa tatu na nusu hivi inatia nanga Lutoboka, gati la Bugala. Kurudi, inaondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Hapo ndipo makundi mengi yanapopiga hesabu vibaya. Anayelala usiku mmoja anashuka jioni jua likielekea kuzama, anakula, analala, na alfajiri yuko gatini tena. Nauli na chumba amelipa, ufuo hajauona. Usiku mbili ndicho kipimo cha chini kabisa. Pia ulizeni siku moja kabla kama meli iko majini, kwa maana kuna nyakati hupelekwa matengenezo.

Nakiwogo fikeni kabla ya saa sita, hasa Ijumaa na sikukuu. Kundi la watu wanane likichelewa ndilo linalokosa viti pamoja. Juu ya meli kuna upepo na mandhari, lakini jua la ikweta hukupiga mara mbili, kutoka angani na kutoka majini, kwa hiyo kofia na shati la mikono mirefu si anasa. Na ikweta yenyewe mnaivuka njiani, kwani Entebbe iko kaskazini yake kidogo na Bugala iko kusini.

Njia mbadala ya bei nafuu ni mitumbwi mikubwa ya injini inayotoka Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe, ambako wachukuzi huwabeba abiria mgongoni hadi botini. Hatuipendekezi kwa starehe. Mizigo na watu hurundikana, na mawimbi ya alasiri yakianza, chombo kilichozama hadi karibu na ukingo hakina pa kukimbilia. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walifariki. Chombo chochote mtakachokodi huko visiwani, kila mmoja avae jaketi okozi na kufunga kamba zake kabla ya kuondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Safirini mchana. Usiku hewa ya nchi kavu husukuma kuelekea katikati ya ziwa na kukutana huko, ndiyo maana radi na dhoruba kali huwa za usiku wa manane hadi asubuhi, hata katika miezi ya kiangazi.

Wenye gari wana njia nyingine nzuri: Kampala hadi Masaka, kisha Bukakata, ambako kivuko cha kwenda Luku, kisiwani Bugala, ni bure kwa watu na magari. Kuvuka ni chini ya saa moja, na safari ni kadhaa kwa siku. Kutoka Luku kuna mwendo wa kukatiza mashamba ya michikichi hadi mji wa Kalangala, ulio juu ya kilima. Lutoboka iko chini yake, na kupanda kwa miguu na mizigo kunachosha, bodaboda zipo.

Chakula ni samaki, na sato ndiye wa kuagiza mzima. Kisheria hatakiwi kupungua sentimita 28, na huyo anamtosha mtu mmoja. Ombeni kumwona kabla hajakaangwa: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Akatwe mistari ubavuni ili moto ufike kwenye mfupa, la sivyo ngozi hukauka na ndani hubaki mbichi. Sangara ni mnene, hivyo vipande vyake vinafaa zaidi kwa mchuzi. Agizeni saa moja na zaidi kabla ya njaa, maana jiko la mkaa halimalizi samaki wanane kwa pamoja. Nyakati za mwezi mwandamo visubi wa ziwa hutoka kama moshi na kufuata taa. Zimeni taa iliyo juu ya meza, muwashe ya mbali.

Kuogelea ndiko kunakohitaji uangalifu kuliko yote. Ziwa lina kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye matete na maji yaliyotulia, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Epukeni kingo zenye majani na sehemu ambazo watu hufulia. Kujifuta kwa taulo mara tu mnapotoka hupunguza hatari, haiondoi. Pimweni wiki sita hadi nane baadaye hata kama hamwashwi: prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, na dozi ya mapema mno huiacha ile michanga. Jioni msikaribie matete kabisa, kwa sababu ya viboko na mamba. Chandarua ni lazima.

Bebeni noti taslimu za kutosha safari nzima, kwani mtandao ukianguka malipo ya simu nayo hukwama. Siku ya kurudi muwe gatini saa moja asubuhi. Mtafika Nakiwogo karibu saa tano na nusu, na uwanja wa ndege wa Entebbe uko karibu, lakini mwenye tiketi ya ndege ya mchana huo huo arudi siku moja kabla: upepo ukivuma, meli huchelewa.