Petroli ya kawaida au ya bei ya juu: uzoefu wangu na Boxer ya cc 150, Moshi

Kwa miaka minne nimekuwa nikitumia pikipiki aina ya Boxer ya cc 150 kwa shughuli zangu za Moshi mjini na vijiji vya mlimani, na mara moja au mbili kwa mwezi huvuka mpaka wa Holili kwenda Voi kufuata bidhaa. Huku kwetu suala la kuchagua petroli halikuwahi kunisumbua, kwa kuwa vituo ninavyopita vina petroli ya aina moja, na bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Upande wa Kenya ndiko nilikokuta pampu mbili katika kituo kimoja, moja ya petroli ya kawaida na nyingine ya bei ya juu, ambayo mhudumu alinihakikishia kuwa ina nguvu zaidi.

Nilikuwa na sababu ya kumsikiliza. Wakati huo injini yangu ilikuwa ikigonga kila nilipopanda Kibosho nikiwa na abiria au mikungu ya ndizi, kwa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa nilipong'ang'ania gia ya juu ilhali mwendo umeshashuka. Nilijaza tanki ile petroli ya bei ya juu, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikapanda mlima uleule na mzigo unaokaribiana na wa siku zote. Kugonga kulipungua, ingawa hakukuisha. Nikawatangazia wenzangu kijiweni kwamba nimepata dawa, na leo nakiri kwamba niliharakisha.

Daftari ndilo lililonirudisha nyuma. Kwa matanki matatu ya kila aina, nikijaza hadi shingoni na kuandika kilomita, petroli ya kawaida ilinipa wastani wa kilomita 44 kwa lita na ile ya bei ya juu kilomita 45, tofauti ambayo hata upepo wa mbele kwenye barabara ya Voi unaweza kuileta. Pikipiki haikuongeza mbio wala haikuwaka kwa wepesi zaidi asubuhi.

Namba ya okteni, ambayo ndiyo hasa hutofautisha petroli hizi, haipimi nguvu. Inapima uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Katika kipimo hicho isookteni safi imepewa 100 na heptani 0, kisha petroli nyingine zote hulinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Injini ndogo ya kabureta kama yangu hugandamiza mchanganyiko wake takriban mara tisa tu, kiwango ambacho petroli ya kawaida hukimudu. Tena, kadiri unavyopanda mlima hewa huwa nyepesi na shinikizo ndani ya silinda hupungua, na ndiyo maana katika majimbo ya milimani ya Marekani kama Colorado petroli ya kawaida imekuwa ikiuzwa ikiwa na okteni 85, ilhali sehemu kubwa ya nchi hiyo hutumia 87. Kwa hesabu hiyo, Kibosho palikuwa mahali pa mwisho ambapo injini yangu ingepaswa kugonga kwa upungufu wa okteni.

Jibu lilipatikana Pasua, kwa fundi wangu, alipofungua silinda hedi na kunionyesha masizi magumu yaliyoganda juu ya pistoni. Masizi hayo hula nafasi ya chumba cha mwako na hivyo kuongeza mgandamizo, na vipande vyake hubaki na joto linaloweza kuiwasha petroli kabla ya wakati. Aliniuliza ninanunua wapi mafuta ninapokuwa mlimani, nikamwambia ukweli kwamba hununua ya chupa, kando ya barabara. Alimimina kidogo kutoka kwenye kabureta, akanusa, akanipa na mimi ninuse: mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno na huacha masizi mengi. Enzi za uchakachuaji tunazikumbuka wengi, na tangu EWURA ianze kuweka vinasaba (alama maalumu za kutambua mafuta yaliyochanganywa) katika mafuta mwaka 2010, na serikali ipandishe ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuyachanganya kusiwe na faida, ninaponunua kituoni sina wasiwasi kama zamani. Chupa iliyo juu ya meza haina anayeipima.

Baada ya kusafisha masizi na kuweka plagi mpya, nilipanda Kibosho kwa petroli ya kawaida ya kituoni, na abiria nyuma, bila kokoto hata moja. Ile ya bei ya juu ilikuwa ikituliza maumivu tu, na mimi nikailipia mara tatu.

Sisemi kwamba petroli ya bei ya juu haina kazi. Pikipiki za mbio, ambazo baadhi yake hugandamiza mara 11 au 12, huihitaji kweli, na kitabu cha mtengenezaji husema hivyo waziwazi. Zipo pia petroli za bei ya juu zilizotiwa viungo vya kusafisha njia za mafuta. Kwa mwenye Boxer au pikipiki nyingine ya kazi ya aina hiyo, sioni anachonunua. Siku hizi nikiwa Voi najaza ya kawaida, Moshi najaza kabla ya kupanda mlima, na gia nairudisha chini kabla injini haijalalamika.