Maji ya chai: birika la umeme, gesi, hita au mkaa?

Lita moja ya maji ya bomba yenye nyuzi 25, kama yanavyotoka Dar es Salaam siku nyingi, inahitaji kilojuli 314 za joto ili ichemke, liwe limetoka kwenye mkaa, gesi au LUKU. Kwa umeme ni yuniti 0.087. Vyombo vinatofautiana kwa kiasi cha joto kinachopotelea hewani kabla ya kufika majini, na hapo ndipo hela inapoliwa.

Kabla ya bei, kuna swali ambalo dukani huulizwi: nyumbani kwako mnakunywa chai ya rangi au ya maziwa? Jibu lake ndilo linaloamua ununue nini.

Kwa chai ya rangi, birika la umeme, ambalo wengi huliita jagi, linashinda kwa mbali. Maji yanakaa juu ya sahani ya joto yenyewe, kwa hiyo asilimia 85 hadi 90 ya umeme inaingia majini. Lita moja inakula yuniti 0.1. Aliye kwenye T1, daraja la kawaida la bei ya TANESCO, anayelipa kama shilingi 356 kwa yuniti kodi na tozo zikiwemo, ametumia shilingi 36. Wa D1, daraja la watumiaji wadogo, kwa shilingi 122, ametumia 12. Huyu wa D1 aangalie tu kikomo chake cha yuniti 75 kwa mwezi: lita 3 kila siku ni yuniti 9, si haba lakini si mzigo.

Birika la wati 1,800 huchemsha lita kwa dakika tatu na kitu. Jioni umeme ukishuka hadi volti 180, nguvu yake inabaki kama wati 1,100, na dakika tatu zinakuwa tano na ushee. Hapo watu hudhani linakula umeme zaidi. Hapana, linachukua muda mrefu kwa nguvu ndogo, na yuniti zinakaribia kuwa zilezile. Ila usilichomeke kwenye inveta ya sola ya wati 1,000. Itajizima papo hapo, au iungue.

Hasara kubwa ya birika huletwa na mkono unaolijaza. Watu wawili, kikombe cha mililita 250 kila mmoja, ni nusu lita. Ukijaza hadi alama ya lita 1.7, umechemsha lita 1.2 za bure, kama shilingi 43 kwa T1. Asubuhi na jioni kwa mwezi mzima inakaribia shilingi 2,600. Kwa hiyo nunua lenye dirisha la vipimo linalosomeka na alama ya chini isiyozidi nusu lita.

Dukani, geuza birika usome maandishi ya chini, kisha soma waya. Birika la wati 2,200 huvuta karibu ampea 10. Waya mfupi ulioandikwa 3G0.75 unafika hapo kwa taabu, ulioandikwa 3G1.0 ndio wa kuaminika. Kama hauna maandishi kabisa, rudisha. Kuna mengine huja na plagi ya miguu miwili, na mafundi wa nyumbani wana dawa yake: kalamu inasukumwa kwenye tundu la juu la soketi, plagi inaingia. Tundu hilo ni la waya wa ethi. Birika la chuma lisilo na ethi likianza kuvuja umeme, njia ya umeme kwenda ardhini ni mwili wako. Ekstensheni nyembamba za kuchajia simu nazo si za birika. Ukigusa plagi ukaikuta ya moto, acha.

Sasa namna linavyojizima, maana malalamiko mengi yanaanzia hapo. Nyuma ya mpini, au chini kwenye kitako, kuna kijisahani cha metali mbili zilizounganishwa. Mvuke unapita kwenye tundu dogo karibu na mfuniko, unafika kwenye kijisahani, kinajikunja ghafla na kusukuma swichi. Mfuniko ukiwa wazi mvuke unatoka juu, kijisahani hakipati habari, maji yanaendelea kutokota. Ukiwa umejaza kupita alama ya juu, maji hurukia kwenye tundu na kumwagika nje. Chini ya sahani ya joto kuna kijisahani kingine cha kukata umeme birika likiwashwa bila maji. Hicho ndicho kinachosababisha birika lenye ukoko mweupe kuzima kabla maji hayajachemka: ukoko unazuia joto kwenda majini, sahani inapata moto kupita kiasi, ulinzi unakata. Birika halijafa, linataka kuoshwa.

Maji ya kisima cha chumvi huleta ukoko huo ndani ya wiki chache. Weka nusu lita ya maji, kamulia ndimu tatu au mimina kikombe kimoja cha siki, chemsha, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili na kumwaga. Usikwangue kwa kisu wala steelwool. Usizamishe kitako kwenye beseni la vyombo; maji yakiingia kwenye swichi, ndiyo mwisho wake. (Kwa wa Arusha na Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi: kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki kwenye maji machache zaidi.)

Ila birika halipiki maziwa. Yanaungulia kwenye sahani, yanafura hadi kwenye tundu la mvuke, na harufu yake haitoki. Kwa chai ya maziwa, rudi kwenye sufuria.

Na sufuria inakaa vizuri juu ya gesi. Nusu ya joto la gesi hupotea pembeni hata ukijitahidi, hivyo lita moja inahitaji kama gramu 14. Ukiwa umenunua mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 24,000, ni shilingi 56 kwa lita, na mtungi mzima ni zaidi ya lita 400 za maji ya chai peke yake. Acha mfuniko pembeni, weka jiko dirishani penye upepo, na gramu zinapanda hadi 18 au zaidi. Moto unaolamba kuta za sufuria unapasha jiko na shati lako. Sufuria ndogo iwekwe kwenye kichwa kidogo. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, matundu ya hewa yameziba kwa mafuta au chai iliyofurika: toa kichwa kikiwa kimepoa, zibua kwa sindano, osha, kausha kabisa kabla ya kurudisha. Mpira na regyuleta vipakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Povu likivimba, gesi inavuja. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, usiguse swichi ya taa.

Kwenye sufuria hiyo kuna kosa linalosingiziwa maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Ukitwanga tangawizi ukaitia pamoja na maziwa ya vuguvugu, yanaganda vipandevipande na muuza maziwa anatukanwa bure. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza dakika tano, pamoja na iliki na mdalasini, tia majani, maziwa yaje mwisho. Joto la kuchemka huua kimeng'enya hicho.

Jiko la sumaku, yaani la induksheni, lina ufanisi unaokaribia wa birika na linapika maziwa, ila halioni sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa makabatini. Nenda dukani na sumaku ya spika mbovu. Isiponata chini ya sufuria, jiko halitawaka. La infraredi linakubali sufuria yoyote lakini hupoteza joto zaidi, na kioo chake kinabaki cha moto muda mrefu baada ya kuzima.

Hita ya kuchovya tungeiacha dukani. Ni ya bei chee na inachemsha haraka, hilo halina ubishi. Lakini haina cha kuizima, bomba lake likipata ufa maji yote yanakuwa na umeme, na mwenye haraka huonja maji kwa kidole ikiwa bado imechomekwa. Anayeitumia kwa lazima aizamishe hadi alama kwanza ndipo achomeke, achomoe kwanza ndipo atoe, na asiitumie kwenye chombo cha chuma. Ikiungua nje ya maji sekunde chache, itupwe.

Mkaa kwa lita moja ya chai ni ufujaji. Jiko la kawaida la bati linafikisha asilimia 15 hadi 20 ya joto majini. Lenye udongo ndani linafika 25 na zaidi. Ila hata hilo linadai gramu 200 hadi 300 za mkaa liwake sawasawa, na robo saa ya kupepea. Mkaa ukiwa shilingi 1,000 kwa kilo, chai imegharimu 200 hadi 300. Hesabu inageuka pale maharage yameshaiva: makaa yaliyobaki ni bure, bandika birika la bati juu yake. Muuza kahawa wa pwani na dele lake naye yuko sahihi, kwa kuwa anachotafuta ni joto dogo la saa nyingi. Usiingize jiko chumbani kilichofungwa hata mkaa ukiwa mwekundu usio na moshi. Hewa inayoua haina harufu.

Jiko la mchina la mafuta ya taa lina utambi wa kukata, harufu inayoingia kwenye chai, na mafuta yasiyo rahisi tena. Tunalipita.

Chochote utakachochagua, nunua na chupa ya chai nzuri kabla ya kuongeza wati. Isuuze kwa maji ya moto, mwaga, ndipo ujaze hadi karibu na kizibo. Nusu chupa hupoa haraka. Maji ya saa kumi na mbili asubuhi bado yatafaa chai ya saa nne. Chai ya maziwa isikae humo mchana kutwa, itachacha na kizibo kitanuka. Na ukishika chupa kwa nje ukaisikia ya moto, utupu wa kioo cha ndani umekwisha. Badilisha kioo, hata kama hakijavunjika.