Nta ya karnauba kwa gari la Tabora: nzuri, ila kwanza acha kupangusa kavu

Nta ngumu ya karnauba, ile inayouzwa kwenye kopo bapa la chuma la gramu 200 pamoja na kisponji chake cha kupakia, inalifaa sana gari linalolala nje Tabora. Inaikinga klia, yaani utando angavu ulio juu ya rangi, inafanya vumbi litoke kwa maji bila kusuguliwa sana, na kopo moja kwa gari dogo kama IST au Vitz linapita mwaka. Lakini mwenye mazoea ya kupiga kitambaa kikavu kwenye boneti kila asubuhi asitoe hela yake. Vumbi la kiangazi hapa lina chembe za mchanga, na kitambaa kikizikokota juu ya rangi vinabaki vile vikwaruzo vya duaraduara vinavyoonekana jua likipiga. Nta haivifuti. Kwenye gari jeusi inaweza hata kuvionyesha zaidi.

Mkoani kwetu, penye asali na nta ya nyuki kila kona, swali huwa ni moja: kwa nini ununue nta ya kigeni? Sababu ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na boneti la gari la rangi nzito lililoachwa juani mchana wa Oktoba linaweza kulifikia joto hilo. Nta ikishalainika inanasa vumbi kama gundi. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kuanzia nyuzi 82 hivi. Ni ngumu kiasi kwamba ikiwa peke yake haipakiki. Kiwandani huchanganywa na viyeyushi, na baadhi ya makopo yana nta ya nyuki kidogo humo ndani ya kuilainisha. Nta ya nyuki ya Sikonge, hapa mkoani, ibaki kwenye mishumaa na viatu.

Matokeo ya kopo hili yanategemea uoshaji kuliko upakaji, kwa hiyo sehemu hii isirukwe. Osha kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Chukua ndoo mbili za lita 20: moja ya shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Kabla sponji haijagusa gari, mwagia maji kuanzia paani hadi chini, mara mbili, hadi yale maji mekundu yanayotiririka milangoni yaanze kuwa meupe. Huo ndio mchanga ambao ungekwaruza. Sasa osha paa, boneti, buti na nusu ya juu ya milango. Sehemu za chini na nyuma ya matairi ziwe za mwisho, kwa sponji nyingine. Kila baada ya paneli moja, kamulia sponji kwenye ndoo ya kusuuzia. Ukimaliza, mwaga hiyo ndoo polepole utazame kilichotuama chini: mchanga mwekundu, mwembamba kama unga wa ulezi. Ukitumia ndoo moja, wote huo unarudi kwenye rangi.

Sabuni ya unga hapana. Inaondoa nta iliyopo, na punje zisizoyeyuka zinakwaruza. Sabuni ya vyombo nayo inavua nta, kwa hiyo matumizi yake pekee ya maana ni mara moja, kabla ya kupaka upya, ili kuondoa mabaki ya polishi ya zamani. Kupangusa bodi kwa dizeli au mafuta ya taa kunang'arisha kwa saa chache, halafu vumbi lote la barabarani linakuja kukaa juu yake, na mipira ya milango na madirisha inaharibika. Polishi ya dashibodi kwenye bodi ina shida hiyohiyo ya kunasa vumbi.

Gari likishakauka, vaa mkononi kifuko laini cha nailoni cha kufungia chakula, upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Rangi safi ni laini kama kioo. Ukihisi vipelevipele, kuna uchafu ulioganda, na nta itaufunika tu. Hapo unahitaji kipande cha udongo wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji yenye shampuu bila kukandamizwa. Ukidondoka chini, utupe. Hakuna namna ya kuutoa mchanga ulioingia.

Upakaji wenyewe ni mwepesi, na kosa kubwa ni moja: wingi. IST nzima inahitaji gramu 10 hadi 15 tu. Lowanisha kisponji kidogo, kizungushe mara moja juu ya nta, kisha paka paneli moja moja kwa utando mwembamba ambao unakaribia kutoonekana. Subiri dakika tano hadi kumi. Pitisha ncha ya kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, kisha pitisha cha pili kikavu. Kidole kikiacha ukungu wa mafuta, ngoja kidogo. Nta iliyopakwa nene huganda na kuacha mistari isiyofutika. Dawa yake ni kupaka nyingine nyembamba juu yake na kufuta papo hapo, kwa sababu viyeyushi vya nta mpya vinailainisha ile iliyoganda.

Udhaifu wa bidhaa hii upo kwenye plastiki nyeusi. Ikigusa bampa isiyopakwa rangi au pembe za vioo vya pembeni na kukauka, inaacha weupe mbaya. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kabla hujaanza. Weupe ukishatokea, brashi laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo hutoa mwingi, ingawa si wote mara ya kwanza. Kioo cha mbele usikiguse kabisa, maana waipa zitasambaza ukungu wa mafuta usiku wa mvua, na hapo ni hatari.

Kuhusu kuegesha gari chini ya miembe, tuwe wakweli. Kivuli chake ni kizuri, lakini kuna utomvu, na kuna ndege. Nta inakununulia muda, haizuii kila kitu: kinyesi cha ndege kikikaa mchana kutwa juani kinaweza kuila klia hata iliyopakwa vizuri. Kilowanishe kwa kitambaa chenye maji dakika kadhaa, kisha kiinue, usikisugue. Utomvu uliokauka hulainika kwa spiriti kwenye pamba: uwekee sekunde 30, futa, osha, kisha upake nta upya mahali hapo, kwa kuwa spiriti imeshaiondoa.

Nta hii inadumu wiki sita hadi nane kwa gari la nje, na gari la kulala ndani hupata zaidi. Kipimo ni maji. Yakimwagwa juu ya boneti lenye nta yanajikusanya kuwa matone ya mviringo. Yakianza kutandaa kama shuka, muda umefika. Ukichagua mara mbili tu kwa mwaka, iwe mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua, na Mei vumbi linapoanza. Ila gari ambalo klia ya paa imeshaanza kubanduka kama magamba, kama yalivyo magari mengi ya mtumba yenye umri, lipeleke kwa fundi rangi; hakuna nta itakayolisaidia hapo.

Dukani, omba kufunguliwa kopo kabla ya kulipa. Nta nzuri imejaa hadi ukingoni na inabonyea kidogo kwa kidole. Iliyopasuka na kuachana na ukuta wa kopo imeshakaukiwa viyeyushi, mara nyingi kwa kukaa juani kwenye kabati la kioo, na itakusumbua kupaka. Hilo hilo litaipata ya kwako ukiiacha kwenye buti. Ihifadhi ndani ya nyumba, kifuniko kimekazwa, na kisponji chake kikae kwenye mfuko wake peke yake, mbali na vumbi.